Mkunazini au Michenzani? Mtamba wa baba alinitoa jasho!

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kutafuta chumba mjini huku mfukoni una fedha za mtamba wa baba yako, basi hujui maana ya presha.

Mimi kwetu ni Dirma, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Huko asubuhi baridi inakuamsha kabla ya jogoo, na mtu akikukaribisha kikombe cha maziwa ya moto hukatai hata kama umeshiba. Aprili mwaka 2024 nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja Unguja, ndani ya Mji Mkongwe. Nyumbani ilikuwa shangwe. Baba akaswaga mtamba mmoja hadi mnadani Katesh, akarudi na fedha, akanikabidhi mkononi na maneno machache tu: "Hii ni ya nyumba, siyo ya viatu."

Usishangae fedha yote hiyo. Wenye nyumba wa mjini mnawajua. Habari ya kodi ya mwezi mmoja hawataki hata kuisikia, wanataka ya miezi sita, mkupuo mmoja. Ukikosea chumba umeliwa. Na mimi nikikosea, nimekula mtamba ambaye angezaa.

Wiki mbili za kwanza nilijibanza kwa shoga yangu mmoja kule Fuoni. Tulilala watatu kitanda kimoja, na joto la Unguja si mchezo, hasa kwa mtoto wa blanketi kama mimi. Dalali akaniletea vyumba viwili. Kimoja Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe. Cha pili Michenzani, upande wa Ng'ambo.

Kazini washikaji wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. "Sista duu mzima ukakae Michenzani? Utamwalika nani?" akasema mmoja. Mwingine akajibu, "Mwacheni, Mji Mkongwe ni wa watalii na paka."

Hapa ngoja niwape historia kidogo. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na upande wa pili. Watu walivuka kwa daraja, ndiyo maana soko linaitwa Darajani hadi leo ingawa daraja lenyewe hulioni, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Maji yale yalishafukiwa miaka mingi, lakini vichwani mwa watu bado yamo. Mji Mkongwe ndiyo jina kubwa, tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Michenzani ni yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Moja lina sifa ya kupigiwa picha, jingine lina sifa ya kukaliwa na watu.

Basi nikaenda kwanza Mkunazini, jioni ya jua zuri. Jamani! Mlango wa nakshi, ngazi za mbao, dirisha refu kama la sultani. Ukipanda juu unaona mapaa ya bati na kipande cha bahari. Adhana inaingia dirishani, kengele za kanisa la Kianglikana nazo hazipo mbali. Kazini dakika tano kwa miguu. Nikajiona niko kwenye sinema. Nikamwambia dalali kesho yake namletea chake.

Usiku ule nikampigia Aayo. Sisi Wairaqw mama tunamwita hivyo. Nikamsimulia mlango, dirisha na bahari. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mama mdogo na watoto wake walitoka hai, nyumba yao haikutoka. Tangu siku hiyo Aayo akiona jengo lolote haangalii rangi wala bati, anaangalia mteremko. Na hata kabla ya hapo, yeye alilelewa kwenye tembe la babu, lile la paa la udongo lililobebwa na magogo. Anajua kwamba paa la namna ile haliangushwi na upepo. Linaangushwa na tone moja ambalo hakuna aliyelishughulikia.

Fedha ikalala mfukoni. Siku ya tatu masika ikafungulia bomba. Nikaazima mwavuli wa hoteli, nikaenda Mkunazini bila kumwambia dalali.

Msomaji, nyumba ya jua na nyumba ya mvua ni mbili tofauti. Kwenye ngazi kulikuwa na mabeseni matatu. Chumbani "kwangu" boriti mbili zilikuwa nyeusi tii, na ukuta wa pembeni umetoa tumbo kama mama mjamzito. Siku ile ya jua kulikuwa na pazia hapo, nikalisifia kwa rangi! Dalali nilipompigia akasema bila aibu, "Hiyo ndiyo historia yenyewe, dada."

Nikashuka nimenyong'onyea. Barazani alikuwapo mzee mmoja amejikinga mvua. Nikamsalimia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akanisogezea nafasi. Kumbe ni fundi wa zamani wa majumba yale. Akanionyesha ukuta kwa fimbo. "Mwanangu, nyumba hizi ni mawe na chokaa. Chokaa hunywa maji, kisha ikayatoa. Huyu bwana kapiga saruji juu yake. Sasa maji yameingia, hayana pa kutokea. Ukuta unaoza ndani kwa ndani." Kisha akanionyesha nyumba ya jirani, ya umri ule ule, imepakwa chokaa, imesimama wima na wenyewe wamo. "Nyumba haifi kwa uzee, inakufa kwa kutotazamwa."

Nikakumbuka Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo dunia nzima inalijua. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, mafundi wawili wakafa. Kama jumba la sultani lilidondoka, mimi na kitanda changu cha futi nne ni nani?

Kutoka pale nikavuka Darajani mvua hiyo hiyo hadi Michenzani. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Maji bombani yanapanda yanapojisikia, kwa hiyo ndoo ni sehemu ya maisha. Dirishani unaona nguo za jirani na barabara iliyojaa daladala. Mlango ni mbao ya kawaida, nakshi sifuri. Nikapapasa kuta zote nne kama daktari. Kavu. Nikatazama dari. Kavu.

Jirani, bibi mmoja wa makamo, akafungua mlango wake akiwa na mwiko mkononi. "Ndo wewe mgeni? Kwenu wapi?" Nikamwambia Manyara, akasema mbali huko, karibu uroja. Nilipomweleza kuwa zamu yangu nyingine inaisha saa tano usiku akasema, "Ukichelewa gonga kwangu, nijue umefika."

Nikalipa siku ile ile.

Sitawadanganya kwamba kila kitu ni shwari. Nikitoka zamu ya usiku tunatembea watatu hadi Darajani ndipo tuachane. Ndoo zimenikomaza mabega. Na kila nikipita Mkunazini nalitupia jicho lile dirisha refu, roho inaniuma kidogo. Mji Mkongwe siuponde, mkipata nyumba inayotunzwa kama ya yule jirani, ingieni haraka. Ila kabla hujatoa kodi ya miezi sita, nenda siku ya mvua, na usimwambie dalali.

Usiku wa kwanza nilimpigia Aayo. Akauliza, "Huko kuna mlima karibu?"

"Hakuna, Aayo. Huku hata kilima ni cha kutafuta."

"Na ukuta?"

"Mkavu."

Akanyamaza kidogo. "Basi lala. Kesho nitamwambia baba yako kwamba mtamba amefika salama."