Mtungo wa Herufi na Mizani ya Baba

Samaki hutungwa, shanga hutungwa, shairi nalo hutungwa. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akirudi kutoka sokoni Tarime na mtungo wa samaki mkononi, na jioni hiyohiyo akakaa chini ya taa kutunga beti zake. Sikuona wakati ule kwamba kitenzi ni kimoja. Nilikuja kukiona ukubwani, nilipojifunza lugha ya kompyuta iitwayo C. Wataalamu wengi huuita mpangilio wa herufi katika kompyuta mfuatano wa herufi, nami sina ugomvi nao. Mimi nauita mtungo.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha hiyo haijui neno wala sentensi. Inachojua ni namba zilizopangwa moja baada ya nyingine katika kumbukumbu: a ni 97, b ni 98, na kuendelea. Mwisho wa mtungo huwekwa baiti ya sifuri, mfano wa fundo linalozuia shanga zisimwagike. Ndiyo maana jina Tarime, lenye herufi sita, hudai nafasi saba. Ukiisahau sifuri hiyo, programu huendelea kusoma chochote ilichokikuta jirani, kama mghani asiyejua kwamba shairi limekwisha.

Baba alipofariki aliniachia daftari la mashairi. Nilikata shauri kuyachapa ili yasomwe siku ya kumkumbuka, nyumbani kwa ndugu zetu Mugumu, wilayani Serengeti. Kwa kuwa mwandiko ulikuwa umefifia, niliandika programu ya C ya kukagua mizani, nisije nikaruka silabi. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi: kila irabu ni mizani moja, na herufi m ikifuatwa na konsonanti, nayo ni mizani, kama katika mtu. Lakini m ikifuatwa na b niliiunganisha, kwa sababu mbali ni mba-li, mizani mbili.

Programu ilipita beti nyingi kimya, kisha ikasimama kwenye mshororo huu:

Mtu mbaya hapendwi, japo amejaza zizi.

Ukwapi ulikuwa na mizani saba, ikasema, badala ya nane. Nilisikitika, nikadhani ugonjwa ulikuwa umemchosha baba. Kwa mapenzi, na kwa kiburi ambacho sikukitambua, nikaandika hapendeki mahali pa hapendwi. Mashine ikaridhika.

Siku ilipofika, shairi lilisomwa mbele ya watu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akibadilishana beti na baba, alikuwa akihesabu kwa vidole kama ilivyo desturi yake. Baadaye akaniita kando.

"Mwanangu, mstari ule si wa baba yako."

"Ni wake, Mwalimu. Nilirekebisha neno moja tu, ulikuwa umepungua mizani."

"Haukupungua. Umeuzidisha wewe. Hebu utamke polepole."

Nikautamka. M-tu m-ba-ya ha-pe-ndwi. Nane. Niliona aibu mbele yake, na zaidi mbele ya marehemu.

Ndugu msomaji, lijaribu jambo hili kwa kinywa chako. Sema nyumba mbaya, kisha sema mtu mbaya. Katika nyumba mbaya, m na b hutoka pamoja: mba-ya, mizani mbili. Katika mtu mbaya, ile m ni kiambishi cha ngeli ya watu, mabaki ya mu- ya kale, nayo husimama peke yake: m-ba-ya, mizani tatu. Herufi ni zilezile tano, na katika C mitungo hiyo miwili hailingani tu, bali ni sawa baiti kwa baiti. Tofauti yao imo katika sarufi na katika sikio. Baba, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, aliisikia.

Nimelirudisha neno lake. Programu nayo nimeibadilisha: ikikuta m na b haihukumu tena, husimama na kuniuliza, nami husoma kwa sauti kabla ya kujibu.

Kurasa za mwisho za daftari zina nyimbo za Kikuria, ambazo baba aliziimba kwa kufuata nyuzi za iritungu. Lugha hiyo ina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Wanaisimu huziandika zile za ziada kwa alama ɛ na ɔ, na kila moja huchukua baiti mbili katika mfumo wa UTF-8, hivyo kihesabio cha kawaida cha C huihesabu mara mbili. Sijachapa hata ukurasa mmoja. Nimemwomba yule mzee aniimbie kwanza.