Ukibonyeza F12, Grafu Inatokea

Mwaka 2010 ofisi nyingi nilizozizungukia Dar es Salaam zilikuwa bado na Windows XP, na kivinjari kilichokuwamo ni Internet Explorer. Toleo la 8 kwa wenye bahati. Sisi watengeneza kurasa tulijaribia grafu zetu kwenye Firefox, zikatoka safi, rangi zake zote. Ukifika kwa mteja unakuta kiboksi cheupe.

Weupe ule ulikuwa na sababu. Grafu za JavaScript tulizichora kwa canvas, ubao wa kuchorea ndani ya ukurasa, na Internet Explorer haikuijua canvas hadi toleo la 9, lililotoka 2011 na likagoma kuingia kwenye XP. SVG, njia nyingine ya kuchorea, nayo vilevile. Yenyewe ilikuwa na VML, lugha ya kuchorea ya tangu 1998 ambayo vivinjari vingine havikuitaka. Kwa hiyo tuliambatanisha excanvas, faili dogo lililogeuza amri za canvas kuwa VML. Lilisaidia, ila ukilipatia nukta maelfu kompyuta inahema.

Jambo lililotupotezea muda zaidi lilikuwa la kijinga. Toleo la 8 lilikuwa na desturi ya kufungua kurasa za mtandao wa ndani wa ofisi kana kwamba lenyewe ni toleo la 7, ambalo halikuwa na JSON, chombo tulichosomea data ya grafu. Ukurasa uleule, kompyuta ileile: ukiufungua kutoka nje, grafu ipo, ukiufungua kwa anwani ya ndani, data haisomeki. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa X-UA-Compatible kwenye kichwa cha ukurasa. Sijui nani aliona desturi ile ni msaada kwa watu.

Halafu ile ya F12. Mhasibu mmoja alinipigia kwamba ripoti ya mauzo haina grafu. Nikaenda, kweli haipo. Nikabonyeza F12 kufungua zana za ukaguzi nione kosa, nikapakia ukurasa upya. Grafu hiyo hapo.

“Kaka, mbona ukija wewe inatii?”

“Subiri dada, tusishangilie bado.”

Nikafunga kivinjari, nikafungua tena. Nyeupe. Ndani ya kipande cha msimbo tulichokuwa tumepakua kulikuwa na console.log, amri ya kumwandikia fundi ujumbe. Katika toleo la 8, console haikuwepo kabisa mpaka zana zile zifunguliwe, basi msimbo ukifika pale unakwama na grafu haichorwi. Yaani kosa lilikimbia kila ulipokwenda kulitazama.

Nikaongeza mstari juu kabisa: kama console haipo, tengeneza ya bandia isiyofanya lolote. Mstari huo nikaubeba kila kazi hadi XP ilipokatiwa huduma Aprili 2014. Kuna kurasa ambazo bado zinao, na vijana wanaozitunza sasa wanaogopa kuufuta.