Unga wa Kusukumia

Katika miji yetu ya Mwambao, mahamri kwa mbaazi za nazi ni kifungua kinywa cha heshima. Unga hukandwa kwa tui, sukari, iliki na hamira, hufunikwa mpaka uumuke, kisha hukatwa madonge na kusukumwa juu ya kibao.

Utotoni, asubuhi moja ya arusi, tulikabidhiwa kibao hicho. Kwa kuogopa madonge yasigandame, tulinyunyiza unga mkavu bila kiasi. Mahamri ya kwanza yaliiva vyema. Lakini unga ule ulidondoka karaini, ukazama, ukaungua, na mafuta yakageuka meusi. Yaliyofuata yalitoka na madoa na uchungu. Mafuta yenyewe yalikuwa ya mchango wa majirani. Ikabidi yaepuliwe, yapoe na kuchujwa kwa kitambaa, na wageni wangoje.

Bibi hakutugombeza. Alituonyesha kwamba donge lililokandwa barabara na kupumzishwa halishiki kibao kikipakwa mafuta kidogo. Ukihitaji unga, nyunyiza haba, kisha pangusa kila hamri kwa kiganja kabla ya kulitia karaini. Unga mwingi, alituambia, huficha ukandaji mbaya.

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, hukumbuka upesi ngoma na mashairi. Tusiisahau elimu hii iliyomo viganjani mwa mabibi zetu. Atakaye kuirithi hana budi kuketi nao jikoni wangali hai.