Fimbo ya Namba Tatu

Baba alibeba mikoba ya wacheza gofu Nairobi kwa miaka mingi, na kwenye banda la makedi, yaani wabeba mikoba, Severiano “Seve” Ballesteros alitajwa kama jamaa wa ukoo. Mwaka 1978 Mhispania huyo alikuja akashinda Kenya Open. Mabingwa wengine walipita, ila huyu aliwahusu: naye alianza kwa kubeba mikoba ya watu.

Alizaliwa 1957 Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania, jirani na uwanja ambao makedi hawakuruhusiwa kuuchezea. Kaka yake Manuel alimpa fimbo moja ya chuma, namba tatu, akaenda nayo ufukweni. Hiyo ni fimbo ya kupiga mbali: uso wake umesimama karibu wima, mpira hutoka chini chini, kasi. Anayetaka mpira upae na kutua taratibu huchomoa fimbo nyingine mkobani. Seve hakuwa na nyingine. Akajifunza kuulaza uso wa fimbo, kulegeza viganja na kuuchota mpira mchangani; giza lilipoingia, alinyemelea uwanjani. Hata alipokuwa bingwa aliweza kujitoa kwenye shimo la mchanga kwa namba tatu, watu wakaduwaa.

Makedi wa Nairobi hawakuhitaji kufafanuliwa hayo. Klabu alikofanya kazi Baba iliwapa Jumatatu asubuhi tu kucheza, na fimbo moja kuukuu ilizunguka mikononi mwa wengi. Nami nilifunzwa kwa hiyo hiyo, kwenye nyasi za kando ya barabara. “Legeza mikono, kijana,” Baba alizoea kuniambia. “Ukiikaba, itakugomea.”

Kisha zikaja habari za 1979. Kwenye shindano kubwa la The Open, uwanja wa Royal Lytham, Uingereza, shimo la 16, Seve alipiga mpira ukaishia penye magari yaliyoegeshwa, na bado akapata pigo moja chini ya kiwango. Alimshinda hata gwiji Mmarekani Jack Nicklaus. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kutwaa Masters, shindano kubwa la Marekani. Mataji yake makubwa yalifika matano, lakini naona kazi yake kubwa zaidi ilikuwa Ryder Cup, pambano la timu dhidi ya Marekani. Wachezaji wa Bara la Ulaya walipokubaliwa kujiunga na Waingereza na Waayalandi mwaka 1979, Marekani ilikuwa imezoea kushinda. Mwaka 1985 ikapigwa. Kufikia 1997 Seve alikuwa nahodha, akizunguka Valderrama kwa kigari, akimwingilia kila mchezaji. Ulaya ikashinda tena.

Mgongo ulimsumbua, mpira ukaanza kumpotea. Alistaafu 2007, akafariki 2011 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 54.

Huku kwetu mambo yamegeuka. Tangu 2019 Kenya Open imo katika ziara kuu ya Ulaya, na waliokuwa makedi huingia uwanjani kama wanagofu wa kulipwa, wakibebewa mikoba. Namba tatu yenyewe imeadimika. Wengi wameibadilisha kwa fimbo zenye kichwa kinene, rahisi kupiga. Baba hazipendi. Ukimkumbusha Masters ya 1986, Seve alipoongoza kisha akatia mpira majini kwenye shimo la 15 na Nicklaus akashinda, ana jibu moja: siku hiyo alishika namba nne.