Kununua Redio ya Lampi Iliyokwisha Tumika



Methali yasema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la redio za zamani methali hii haitufai sana. Huko rangi safi huuza kitu kibovu, na kitu kizima chenye mikwaruzo hubaki rafuni.

Tunaandika habari hizi kwa sababu vijana watatu wa parokia wametuomba tuwasaidie kuchagua redio ya kusemea na kusikilizia, ile ambayo misioni zetu huiita foni. Wanataka kuwa waamateri, yaani watu wanaosemezana hewani kwa kupenda elimu ya redio, bila mshahara. Mfano mwema tunao: Padri Marshall Moran, Mjesuiti wa Marekani aliyefariki mwaka 1992. Kwa miaka mingi sauti yake ilisikika duniani kote kutoka Nepali, kwa alama ya 9N1MM. Nayo akiba ya vijana wetu ni jasho la misimu miwili ya maharagwe. Haifai ipotee.

Kwanza ni leseni. Kusema hewani bila ruhusa ya serikali ni kosa. Hapa kwetu Kongo alama za waamateri huanza na 9Q. Tena mawimbi yao hayakuwekwa kwa ajili ya biashara. Kuagiza saruji ya misioni kunataka leseni nyingine.

Sasa redio yenyewe. Redio nyingi za miaka ya 1970 zina transista ndani, lakini nguvu ya mwisho inayokwenda kwenye antena hutoka katika lampi mbili, ndizo chupa za kioo zinazowaka. Lampi ina uvumilivu. Antena ikiwa mbaya kidogo, humpa mtu nafasi ya kusahihisha. Ikichoka, huchomolewa na nyingine huchomekwa.

Basi uliza jina la lampi kabla ya kuuliza bei. Vijana walionyeshwa redio mbili. Ya kwanza ni Yaesu FT-101E, inang'aa, na bei yake ndogo. Ya pili ni Kenwood TS-520, imekwaruzika, na bei yake imezidi. FT-101E hutumia lampi 6JS6C, iliyoundwa kwa televisheni za rangi. Televisheni za namna ile zimekwisha, na lampi zake zimekuwa adimu na ghali. TS-520 hutumia S2001A, ambayo ni ndugu ya 6146B. Ukoo wa 6146 ulianza mwaka 1952 katika kampuni ya RCA, ukaenea katika mashine nyingi za kurushia mawimbi, na hata leo hupatikana kwa urahisi zaidi. Fundi akiiweka 6146B mahali pa S2001A, hana budi kurekebisha redio upya, lakini kazi hiyo yawezekana.

Tukawashauri kuchukua ile yenye mikwaruzo. Mmoja akanuna: "Mwalimu, tulipe zaidi kwa kitu kikuukuu?" Tukamjibu: "Redio ya lampi hainunuliwi mara moja tu. Utainunua tena kila lampi inapokufa."

Halafu ipimwe mbele ya macho yenu. Ikiwa imelala miaka mingi, isichomekwe ghafula, maana kapasita zake huenda zimeharibika. Fundi aipandishie umeme pole pole. Mahali pa antena ifungwe kizuizi cha majaribio kinachomeza nguvu yote. Kisha bonyeza swichi ya maikrofoni bila kusema neno. Katika redio hizi mbili mshale wa lampi hutegwa kwenye milliampea 60 hivi, nao utulie hapo. Ukizidi kupanda wenyewe, kuna ugonjwa: zima. Zungusha pia swichi ya mawimbi, usikie kama kila wimbi lafanya kazi. Mawimbi ya MHz 10, 18 na 24 msiyatafute kwa waamateri wa redio hizi. Waliyapewa na mkutano wa Geneva wa mwaka 1979, nazo zilikuwa zimekwisha kuundwa.

Wenye paneli za jua wakumbuke njaa ya lampi. Lampi mbili za 6146B hula wati 14 kwa kujipasha moto tu, kabla hujasema neno. Unaposikiliza tu, zima moto wake kwa swichi yake.

La mwisho ndilo kubwa. Ndani ya TS-520 kuna umeme wa volti 800 hivi. Kapasita huushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, nao waweza kuua mtu. Hakuna wimbi wala leseni yenye thamani ya roho ya kijana. Mfuniko ufunguliwe na fundi anayejua kuumaliza umeme huo, wala asiwe peke yake.

Mtakatifu Maximiliano Kolbe, aliyeanzisha redio kule Niepokalanów mwaka 1938, na ambaye waamateri wengi humwita msimamizi wao, awaombee vijana wetu.