Mzee kahamia kwenye gari, dishi likamfuata

Ukipita mitaa ya Reading, mji ulio kama kilomita 60 magharibi mwa London, vitu viwili vitakuchekesha wewe mtoto wa Sinza. Kwanza madishi ya setilaiti. Kwetu dishi linalala chali, linatazama mawingu, kunguru akipenda anatua ndani. Kule yamesimama wima ukutani kama sahani kabatini. Pili, mbele ya nyumba za watu wa kawaida kabisa, wala si vibosile, kumeegeshwa gari kubwa jeupe lenye kitanda, jiko na choo. Wenyewe huliita motahomu. Kiangazi wanatanua nalo ufukweni, miezi mingine linakaa tu nje likilowa.

Kaka yangu analo, la mkono wa pili. Safari hii lilipata mpangaji: mzee wetu, aliyekuja kwa viza ya miezi sita. Nyumba ina vyumba viwili, watoto watatu, na mimi mgeni niko kwenye sofa. Mzee, mstaafu wa reli, akasema mwenyewe: "Nipeni hilo gari. Mimi nimelala kwenye mabehewa miaka thelathini." Basi, waya wa umeme ukavutwa kutoka ndani, hita ikawashwa, mambo safi.

Kasheshe ikawa televisheni. Sebuleni rimoti ni mali ya wajukuu, katuni asubuhi, katuni jioni. Mzee ambaye kwake Tabora hakosi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akaanza kuwa mkimya. Akila anatoka, haagi. Wiki ya tatu akaniita pembeni, akaniuliza kama tarehe ya tiketi yake inaweza kusogezwa karibu. Nikamfikishia kaka. Hakujibu, ila usiku ule sidhani kama alilala.

Najua utasema, si apewe simu? Intaneti ya ndani ilikuwa haifiki vizuri kwenye gari, na mzee hataki kukodolea kioo cha kiganjani. Gari lenyewe lina dishi kwenye paa. Ajabu ni kwamba likiwa kambini Cornwall linashika bila matata, nyumbani halishiki hata chaneli moja! Sababu ni moja: limeegeshwa kaskazini mwa nyumba, dishi linatazama matofali.

Setilaiti zinazorusha televisheni za Uingereza ziko nyuzi 28.2 mashariki, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ukiwa Reading unazitafuta kusini-mashariki, dira kwenye 145, na zimeinuka nyuzi 25 tu. Ndiyo maana madishi yamesimama wima. Ukuta ukilizidi dishi kwa mita moja, dishi likae mbali nao zaidi ya mita mbili, la sivyo limezibwa. Dar hatuna shida hiyo, setilaiti ya DStv iko nyuzi 36, karibu na utosi.

Kuchomoa waya kwenye dishi la nyumba nako hakukuwezekana. Jicho lake, lile mafundi wanaloliita LNB, ni la mitambo ya Sky Q, na king'amuzi cha zamani kilichomo garini hakielewani nalo. Kwa bahati kaka alikuwa na dishi la akiba stoo, dogo, halifiki nusu mita. Sheria ya kule kwa kawaida inaruhusu nyumba kuwa na madishi mawili bila kuomba kibali, mradi ukubwa usizidi.

Jumamosi tukaingia kazini. Kaka akalifunga ukuta wa nyuma, upande wa bustani, chini kiasi cha kulifikia bila ngazi. Waya ukapita kando ya ua hadi kwenye tundu la ubavuni mwa gari, viungo vikazungushiwa utepe maji yasiingie. Mzee akakaa ndani mbele ya televisheni, akitoa ishara kwa mkono dirishani kama gadi wa treni. Mimi nikasimama kwenye kona, napokea ishara, namrushia kaka.

Ukianzia kusini ukisogea mashariki, unapita kwanza setilaiti ya nyuzi 13, halafu ya 19.2 iliyojaa Wajerumani. Mzee akapaza sauti: "Huyu Mjerumani, songa mbele!" Kaka akasogeza upana wa kidole, akangoja, akasogeza tena, maana king'amuzi kinachukua muda kushika. Kisha jicho likapindwa kidogo, picha ikakaa. Nati anakaza huku na huku kwa zamu, kwa sababu ukikaza upande mmoja tu dishi linahama.

Nikamwambia mzee kwamba pale ikweta, chini ya setilaiti ile, ni misitu ya mashariki mwa Kongo, na dishi limeelekea takriban upande iliko Dar. Akalitazama kitambo. "Kumbe na lenyewe linatazama nyumbani," akasema, akarudi ndani.

Siku hizi anaangalia Al Jazeera mpaka anakaririsha majina ya watangazaji, na Jumamosi usiku ni mpira wa BBC. Tiketi hajaiulizia tena. Jioni wajukuu wenyewe ndio wanaogonga mlango wa gari, babu anawafungulia, anawaambia wakae kimya kwanza, habari haijaisha.