Dawa ya Kila Mwezi: Tulichoona Lubumbashi

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Siku barabara iko huru unafika mapema. Siku malori ya shaba yamejaa, unabaki kuhesabu magurudumu. Tulienda wamama 6, wajumbe wa kikundi chetu, juu ya jambo moja. Kati yetu kuna wenye ugonjwa wa sukari na wenye tansio, na wote wanafanya kazi. Tulitaka kuona namna wenzetu wa muji mukubwa wanavyofanya ili kazi isiue matunzo, na matunzo yasiue kazi.

Lubumbashi inakupokea na sheminee yake na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Wazee wetu wanajua maana yake. Muji ulianza mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, miaka 4 nyuma ya Union Minière kuanzishwa. Kampani ilijenga kambi za wafanyakazi, na mu kambi kulikuwa shule, posho ya unga, foyer ya wamama na hospitali. Gécamines iliendelea vile. Bibi ya mufanyakazi akigonjwa, kazi ya bwana yake ndiyo iliyolipa munganga.

Kisha kampani ikazaifika. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mupango ulioitwa départ volontaire, kwa feza ya Benki ya Dunia. Walipewa feza mara moja. Lakini ugonjwa wa sukari haulipwi mara moja; unalipwa kila mwezi, mpaka mwisho wa maisha. Tulipotembea mu Cité Gécamines tuliona nyumba nyingi zenye kaduka mbele, na anayeuza ni mama. Jamaa zilizokuwa zinangojea mushahara wa bwana, leo zinakula na mukono wa bibi.

Hapa tuseme jambo ambalo wamama wengi hawajui. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mukubwa wa kazi kutunza afya ya mufanyakazi na ya jamaa yake, wakati wote mukataba ungali. Haisemi malaria tu. Basi kama wewe au bwana yako muko na mukataba, hata kwa kampani ndogo, ulizeni: hospitali gani inatupokea? Dawa za kila mwezi zinalipwa? Majina ya watoto yameandikwa? Kuuliza si kuomba.

Lakini ku soko la Kenya hakuna mukataba. Mukubwa wa kazi ni wewe mwenyewe, na ukigonjwa, kazi inagonjwa pamoja na wewe. Tuliikaa kule na wamama wauzaji wa samaki, unga na mboga. Mama mumoja wa samaki ya chumvi alituambia: "Munganga ananiita kila mwezi. Ile siku ya kwenda siuzi, na kwa nyumba tunakula feza ya siku ileile." Kwa hiyo alikuwa anameza dawa ya tansio leo, kesho anaruka, ili paketi ikawie. Hakusikia maumivu, akafikiri inatosha. Siku moja jirani yake, aliyekuwa anafanya vilevile, alianguka kati ya meza zao. Kinywa kikapinda, mukono wa kuume ukakufa. Yule jirani hajarudi tena ku soko.

Kisha ile siku, kikundi chao kilibadilisha daftari ya likelemba. Mbele ya jina la kila mugonjwa wameandika tarehe ya munganga. Tarehe ikifika, jirani wa meza anamuuzia, na mangaribi anamupa feza yote mbele ya mushahidi. Tena wako na kisanduku kingine, mbali na likelemba. Kila juma kila mama anaweka kidogo. Feza ile haikopwi kwa harusi wala kwa kilio. Inanunua dawa tu, ku farmasi, kwa karatasi ya munganga.

Mama mwenye kujichoma insulini alituonyesha vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati muchanga wenye kuloweshwa maji. Chupa anayotumia inakaa mule, imefungwa mu mufuko usioingiza maji, hata kuriani ikikatika. Chupa zisizofunguliwa anaziacha ku kituo cha afya chenye frigo. Chini ya meza yake kuna sukari: akianza kutetemeka na kutoka jasho, jirani anajua ampe upesi, asimuache alale.

Tuliuliza pia juu ya mutuelle za afya, zenye kuwa na sheria yao tangu mwaka 2017. Ni jambo zuri, lakini mbele ya kulipa, uliza: inalipa kulazwa tu, ao na dawa za kila mwezi pia? Kwa mwenye tansio, jibu hilo ndilo lenye maana.

Tumerudi na mambo matatu, na tunayaleta kwenu. Kwanza, ku mukutano ujao kila mwenye dawa ya kila mwezi alete fishi yake, tutaandika tarehe. Pili, tutachagua wamama wa kushika meza za wengine. Tatu, kisanduku cha dawa kitaanza, na funguo mbili kwa wamama wawili. Mwenye haya aje kwa mujumbe mumoja pembeni. Tansio haina makelele, lakini sisi tuko na midomo, na mama asiye na ugonjwa leo ndiye atakayeshika meza ya mwenzake.